Wiki ya Mizani Dukani

Jumatatu

Nimefungua saa moja asubuhi. Duka langu liko Logiri, upande wa Vurra, kusini mwa jiji la Arua, Uganda. Mpaka wa Kongo uko karibu, hivyo mteja mmoja huomba chumvi kwa Kilugbara na anayemfuata kwa Kiswahili cha Aru, ng'ambo ya mpaka. Nauza sukari, unga, sabuni, mafuta ya kula ya kupima, betri za tochi na soda za chupa.

Leo nimeanza daftari la mazingira. Nataka duka lipate cheti cha ISO 14001, kiwango cha usimamizi wa mazingira kilichotolewa mara ya kwanza 1996. Mimi ninasoma toleo la 2015. ISO, shirika la kimataifa la viwango, halitoi cheti lenyewe. Hutolewa na chombo huru cha ukaguzi, ambacho kwanza hupitia nyaraka zako, kisha huja kuona kama uliyoandika ndiyo unayoyafanya. Cheti hudumu miaka 3, na kila mwaka wakaguzi hurudi.

Kazi ya kwanza ni kuorodhesha kila kinachotoka dukani kwangu kikagusa udongo, maji au hewa. Nilipofika namba 7, betri za tochi, chai ilimwagika ukurasani. Nimeandika upya kuanzia namba 1.

Jumanne

Kiwango kinadai uzijue sheria zinazokuhusu. Inayonihusu kwanza ni ya kaveera, mifuko laini ya plastiki. Uganda iliipiga marufuku 2009, na Sheria ya Mazingira ya 2019 ikarudia kukataza mifuko iliyo chini ya mikroni 30. Rwanda walitangulia 2008, Kenya wakafuata 2017, Tanzania 2019. Kwao mfuko ni nadra kuuona sokoni. Kwetu bado unauzwa kwa bunda.

Mwuza jumla aliniambia mifuko yake ni ya mikroni 30 kamili. Mikroni 30 ni sehemu 3 za mia za milimita, na jicho haliwezi kuipima. Nikachukua mifuko 50. Kila mfuko una kuta mbili, kwa hiyo kuta 100. Nikaipanga, nikaibana kati ya vibao viwili, nikaweka rula. Ilitakiwa ifike milimita 3. Haikufika hata 2.

Nimeyaondoa mabunda yake manne kwenye rafu. Ni pesa iliyolala, lakini siwezi kuweka sheria kwenye daftari na kaveera kwenye kaunta.

Jumatano

Leo ni siku ya kwanza ya kupima taka. Nimeweka magunia matatu nyuma ya duka: plastiki, karatasi na makopo. Jioni nikalipandisha gunia la plastiki kwenye mizani ya kaunta. Mama mmoja aliyekuja kununua sukari akasimama mlangoni, akaniangalia.

"Mwanangu, hiyo si ndiyo mizani ya sukari?"

Ndiyo hiyo. Nimemwomba radhi. Nimeiosha kwa sabuni na maji ya moto mbele yake, kisha nikampimia kilo yake. Kesho nanunua mizani ya kuning'iniza kwa ajili ya magunia. Mazingira hayatunzwi kwa kuchafua chakula cha watu.

Alhamisi

Mifuko ya karatasi, mbadala wa kaveera, imefika kwa bodaboda. Mvua ilimkuta dereva njiani, bunda la juu likalowa. Nimelitandaza kwenye mkeka ndani. Mabunda mawili makavu nikayaegemeza ukutani, sakafuni.

Jioni nimeyainua, chini yake nikakuta udongo mwembamba wa mchwa. Walikuwa wamekula pembe za mifuko ya chini, zaidi ya 60. Ukiinyanyua mmoja mmoja, kila mfuko una mdomo mzuri na hauna kitako. Alasiri nilimpimia mzee mmoja sukari kwenye mmojawapo bila kuutazama chini, ikamwagika miguuni pake. Nimemrudishia kilo nzima. Sasa najua sababu.

Nimeweka mbao juu ya matofali na mifuko yote iko juu, mbali na ukuta. Mteja anayekuja na kikapu chake anahudumiwa bila mfuko kabisa, na kikapu hakiogopi mvua wala mchwa. Shangazi zetu wa Logiri wameubeba mtama kwa vikapu tangu zamani, na kiwango hakijawahi kuwafikia.

Ijumaa

Mafuta ya kula nayauza kwa kupima kutoka kwenye jerikeni la lita 20, mteja akija na chupa yake. Chupa moja ikitumika mara 30 ni chupa 29 ambazo hazikutupwa mtaroni. Hilo ndilo lengo langu la kwanza linalopimika.

Leo kijana mmoja alileta chupa safi kwa macho. Nimeijaza nusu lita. Baada ya saa moja amerudi na mama yake: maharage yananuka mafuta ya taa. Chupa ilikuwa ya mafuta ya taa. Nimewapa mafuta mengine katika chupa yangu, na nimelipa maharage pia.

Nimeongeza sharti kwenye daftari: kila chupa inanuswa kabla ya faneli kuingia. Nimeliandika kwa Kilugbara na Kiswahili juu ya kaunta, na kwa asiyesoma nalisema kwa mdomo.

Jioni gunia la plastiki: kilo 2.5. Gari linaloleta bidhaa hurudi Arua tupu. Dereva amekubali kulibeba Jumatatu hadi kwa wanunuzi wa plastiki chakavu.

Jumamosi

Nimeenda mazishini. Nimemwachia mpwa wangu duka. Niliporudi duka lilikuwa limefagiwa vizuri na nyuma yake moshi mweusi unapanda. Alikuwa amelichoma gunia la plastiki, kama alivyozoea kuona tangu utoto. Jirani alikuwa ameingiza watoto ndani na kufunga madirisha.

Sikumgombeza. Mimi ndiye sikumfundisha. Kiwango kinasema wazi kwamba kila afanyaye kazi chini yako ajue sera na sehemu yake katika kuitekeleza. Nimemketisha, tukasoma daftari pamoja ukurasa kwa ukurasa. Kisha tumekwenda kwa jirani kuomba radhi.

Jumapili

Baada ya kanisa nimefunga hesabu ya wiki. Karatasi kilo 1.8. Makopo kilo 3. Plastiki kilo 2.5, na mbele yake nimeandika: imechomwa, kosa la uongozi, mafunzo yametolewa Jumamosi. Mpwa wangu ameweka sahihi chini ya yangu.

Mkaguzi akija siku moja atausoma ukurasa huu, na sitaung'oa. Kiwango hakitaki duka lisilokosea. Kinataka kosa liandikwe, chanzo chake kitafutwe, na lisirudi. Mwenye duka mwenzangu, wa Logiri, Koboko au kokote, usisubiri cheti. Nunua daftari na mizani ya pili, upime kinachotoka mlangoni kwako wiki hii. Kesho saa mbili gari linapita, na gunia jipya la plastiki lina gramu 400.