Barua ya wazi kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote: Mkwaju wetu unaomba zabuni

Kwa Waheshimiwa wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote,
Dodoma.

YAH: MAOMBI YA KUSAJILI MKWAJU KUWA MNARA WA MAWASILIANO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Sisi ni wakazi wa kijiji cha kutafuta mtandao. Jina la kijiji hatulitaji, kwa kuwa vijiji vya namna hiyo ni vingi na wenzetu wangesema tumejipendelea. Dalili zetu ni zilezile popote tulipo. Nje kidogo ya makazi pana mti, kichuguu au jiwe kubwa, na juu yake amesimama mtu mzima, mkono mmoja ameunyoosha angani, anageuka taratibu kufuata upepo. Mgeni kutoka mjini akimwona hudhani anaomba dua. Kwa kiasi fulani hajakosea.

Wengine wana kichuguu. Sisi Mungu ametujalia mkwaju, na kwa barua hii tunaomba utambuliwe rasmi, uingizwe kwenye takwimu za taifa, na ushirikishwe katika zabuni zijazo za kupeleka mawasiliano vijijini.

Msidhani tumekurupuka. Kazi zenu tunazifuatilia, kadiri betri za redio zinavyoruhusu. Tunajua Bunge lilitunga sheria ya kuuanzisha Mfuko mwaka 2006. Tunajua makampuni yenye leseni za mawasiliano huchangia Mfuko kutokana na mapato yao, na mapato yao yanatokana na vocha, na vocha tunanunua sisi. Tunajua pia kwamba tarehe 13 Mei 2023, hapo Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 zenye vijiji 1,407, ili kuwafikia watu wapatao milioni 8.5. Gharama ilitajwa kuwa shilingi bilioni 265 na ushee, na katika hizo ruzuku ya serikali ni bilioni 126. Siku ile tulipiga makofi, na makofi yale hayakuwa ya kejeli. Mtu aliyezoea kupanda mti ili amjulie hali mwanawe hawezi kudharau habari ya mnara.

Shida ilianza pale mwalimu wetu wa hesabu alipochukua chaki. Ni mmoja wa walimu waliogawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, na kwa kuwa chake hakina mtandao wa kufungua kitu, jioni zake ni ndefu. Aligawanya: mnara mmoja takriban shilingi milioni 350, na mkono wa serikali humo kama milioni 166. Wazee wakanyamaza. Kisha wakageuka, wote kwa pamoja, wakautazama mkwaju.

Sifa za mwombaji ni hizi.

Bei. Tunasikia kwamba katika zabuni zenu anayeomba ruzuku ndogo kuliko wenzake ndiye huondoka na kazi. Mkwaju unaomba shilingi sifuri. Tumeushauri uongeze hata kidogo, usije ukadhaniwa haujui biashara, lakini umeshikilia msimamo.

Uzoefu. Mkwaju ulikuwa umeshakomaa kabla ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kuundwa mwaka 2003. Haujawahi kubadilisha jina, kuuzwa kwa wawekezaji wapya, wala kututumia ujumbe usiku wa manane kwamba tumeshinda zawadi.

Nishati. Hautumii dizeli, kwa hiyo hauhitaji mlinzi wa dizeli, wala mtu wa kumlinda mlinzi. Hauna betri za kuibwa. Mvua ikishinda inanyesha na sola zikalegea, mkwaju ndiyo kwanza unachipua.

Kushirikiana miundombinu. Wataalamu wamekuwa wakihimiza makampuni yatumie mnara mmoja kwa pamoja, badala ya kila moja kusimamisha chuma chake. Mkwaju ulitekeleza jambo hilo bila semina. Tawi la mashariki linasoma mtandao wa kampuni moja, la magharibi linasoma wa nyingine, na pale kwenye panda, mtu akikaa vizuri na asipumue sana, laini zote mbili zinasoma.

Ajira. Chini ya mti ameketi wakala wa kutuma na kutoa pesa, mbele yake mama wa karanga, na pembeni vijana wa kupanda. Kijana mwepesi hubeba simu za wazee kwenye mfuko wa shati, akifika pandani anasikia meseji zikiingia mfululizo, anashuka na kumpa kila mzee habari zake, akiwa ameshazisoma.

Hilo linatupeleka kwenye udhaifu, kwani mwombaji mwaminifu hafichi. Tumesikia nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkwaju bado haujaanza kuizingatia. Sauti ikikatikakatika inabidi mtu apaze yake, na anayezungumzia mahari, deni la duka au majibu ya vipimo huwa amewatangazia wote walio kwenye foleni. Hapa kwetu hakuna siri ya ndoa. Kuna siri ya ndoa na foleni.

Hata hivyo tusionekane tunalia kwamba zama za kidijitali zimetupita. Mambo mengi yametufikia bila kusubiri mnara. Ilipotangazwa kwamba laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zingeanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, tulifunga safari hadi kata ya jirani, tukapanga foleni na kuweka vidole, ili tusije tukazimiwa laini ambazo hazikuwa zinawaka. Tozo ya miamala nayo, iliyoanza tarehe 15 Julai 2021 ikiwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, ilipanda mkwaju bila ngazi. Baadaye ilipunguzwa, tunashukuru. Lakini tulijifunza kwamba kodi haihitaji mtandao wenye nguvu. Hata ule wa kwenye tawi unaitosha.

Msimu wa 2022/23 ikaja ruzuku ya mbolea. Mkulima akaandikishwa, akapewa namba yake, na wakala akatakiwa kuuza kupitia mfumo. Mfumo ulitaka mtandao. Mahindi hayakujulishwa utaratibu huo mpya, yakaendelea kufuata mvua.

Sasa tunaomba mkwaju upumzike kidogo, kwa sababu lipo jambo ambalo haliwezi.

Aprili 2022 ulizinduliwa kitaifa mpango wa m-mama, wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wanapopata dharura. Inapigwa namba 115 bila malipo, kisha anayepokea kituoni anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana, dereva wa jamii aliye karibu. Ni mpango wa kusifiwa, na dereva huyo wa jamii ni mtu anayejua hata vichochoro vyetu. Lakini hatua yake ya kwanza ni kupiga simu. Uchungu hauchagui saa. Mama yuko ndani, damu inatoka, nje kuna giza na mvua, na mtandao uko juu ya mti. Mume abaki au akimbilie mkwajuni? Akifika, apande kwenye gome lililolowa? Na kituo kikitaka kumpigia tena kuuliza njia, nani atakuwa amebaki juu? Namba ni ya bure kweli. Aliye mbali na mtandao ndiye anayeilipia, na wakati mwingine kwa kitu kisichorudishika.

Mtatujibu: basi mnachohitaji ni mnara, acheni mambo ya miti. Tunakubali. Ila wenzetu wa kijiji cha pili walipata mnara, na tunaomba tuwaeleze ilivyokuwa.

Ulikuja kwa malori. Ukasimama, mwekundu na mweupe, ukazungushiwa uzio, na juu kabisa ikawekwa taa. Siku za mwanzo watu wa kule walipiga simu wakiwa wameketi, jambo walilohakikisha tunalijua. Wengine walitupigia sisi makusudi, wakijua hatutapatikana. Kisha mnara ukaanza kuzima. Mara mafuta yamekwisha, mara betri zimechoka, mara fundi yuko njiani na njia yenyewe imekatwa na mto. Wa bondeni, upande wa pili wa kilima, hawakuwahi kuupata hata ulipokuwa mzima. Sasa wanarejea chini ya mkwaju wetu mmoja mmoja, jioni, kwa aibu ya mtu aliyehama kwa kishindo. Tumewapokea. Tunachojiuliza ni hiki: kwenye vitabu, je, kijiji kile kimeandikwa kwamba kimefikiwa?

Hapa ndipo penye kiini cha barua yetu, na kejeli tunaiweka pembeni. Mfuko uliundwa kwa sababu vijiji kama vyetu havina faida. Watu ni wachache na wametawanyika, umeme ni wa kutafuta, barabara ni ya msimu, na mteja ananunua vocha ya mia tano akiitumia kwa adabu. Kampuni ikipiga hesabu inaona hailipi, ndiyo maana serikali ikaweka mkono wake. Sawa. Lakini ruzuku ikishasaidia kusimamisha mnara, mafuta, betri, mlinzi na safari za fundi vinabaki kutegemea vocha zilezile za mia tano. Kama mapato ya hapa yangetosha kuuweka mnara hewani, kampuni nyingi zingekuja zenyewe bila kubembelezwa. Mlitoa ruzuku kwa kuwa hayatoshi. Nani basi aliwahakikishia kwamba yangeanza kutosha siku ile mnara uliposimama?

Mkizindua chuma, mnapata picha nzuri. Mkihesabu vyuma, mnapata takwimu nzuri. Hakuna anayekata utepe kwa sababu mnara umekaa mwaka mzima bila kuzima, na kwa mwenye mgonjwa mwaka huo mzima ndiyo mawasiliano yenyewe.

Kwa hiyo mkwaju, ukiwa mwombaji mwenye nia njema, umekubali kusaini masharti manne. Tunapendekeza yaingizwe katika kila mkataba wa mnara wenye fedha za umma.

Moja, sehemu ya ruzuku izuiwe na ilipwe kidogo kidogo kwa miaka, kwa kadiri ya saa ambazo mnara ulikuwa hewani. Uliozima mwezi mzima usilipwe mwezi huo. Mkwaju umesema hauna tatizo, kwani haujawahi kulipwa.

Mbili, kabla ya kijiji kuandikwa kwamba kimefikiwa, simu ipigwe kutoka zahanati, shuleni na kitongoji cha mbali kuliko vyote. Isipigwe kutoka chini ya mnara wenyewe mbele ya kamera.

Tatu, orodha ya minara yote yenye ruzuku itangazwe: uko kijiji gani, ni wa kampuni gani, umepewa kiasi gani, uliwashwa lini, na mwezi uliopita ulikaa hewani saa ngapi. Ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kijiji, kwa karatasi. Mkiiweka kwenye tovuti peke yake, tutalazimika kupanda mti ili tusome kwamba hatuhitaji tena kupanda mti.

Nne, mnara wenye fedha ya umma ubebe mitandao yote. Mwenye laini ya kampuni nyingine naye alichangia.

Tunajua kuna utaratibu wa kutoa malalamiko. Tumeshauriwa tupige simu huduma kwa wateja, tukashukuru kwa ushauri. Barua hii imekuja kwa basi, mkononi mwa kondakta ambaye hadi leo ndiye mtoa huduma wa uhakika kuliko wote katika ukanda wetu. Jibu mnaweza kulirudisha kwa njia hiyohiyo.

Wakuu, hatuombi huruma wala hatuombi fedha zaidi ya zile mnazozitoa. Tunaomba zilipwe kwa simu iliyopatikana. Na mpaka itakapokuwa hivyo, tafadhali punguzeni kwenye hesabu zenu kila kijiji ambacho mnara wake umelala, kisha mtutangazie idadi iliyobaki, hata kama itakuwa ndogo. Hiyo ndiyo itakayokuwa ya kweli.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wakazi wa chini ya mkwaju

Nakala:
Makampuni ya simu: kwa utekelezaji.
Mtendaji wa Kijiji: aibandike ubaoni.