Namna ya Kumfikisha Mwanao Pointi 35

Mzazi mwenzangu, katika matokeo ya kidato cha nne hakuna pointi zinazozidi 35, na hazipatikani kwa bahati. Mtoto lazima apate F masomo yote saba yanayohesabiwa. Akiteleza tu akaokota D mbili, anashuka hadi 33, anaitwa divisheni ya nne, na jasho lako limekwenda bure. Mwalimu mbaya peke yake hatoshi, wapo wakaidi wanaofaulu hata kwa mwalimu mbaya. Nyumbani nako lazima kusaidie.

Kazi kubwa iko kwenye usingizi. Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila siku. Wasikutishe. Mtafutie shule upande wa pili wa jiji: mkikaa Mbagala, asome Tegeta. Ataamka saa kumi na nusu alfajiri kugombea daladala, na konda akiona sare atajifanya gari limejaa. Jioni apitie tuisheni, afike nyumbani saa mbili usiku, aoshe vyombo, ndipo afungue daftari. Simu mwachie. Bando la usiku ni la bei ya kutupa na video hazikwami. Maumbile nayo yanakuunga mkono: kwa vijana wa rika hili melatonini, homoni inayoleta usingizi, huchelewa kutoka kuliko kwa mtu mzima, na mwanga wa simu huichelewesha zaidi. Akilala saa saba, amepata saa tatu na nusu. Aliyofundishwa mchana ubongo huyapanga na kuyahifadhi akiwa amelala, kwa hiyo ada ya tuisheni endelea kulipa bila wasiwasi. Haitadhuru kitu.

Akianza kusinzia juu ya daftari, mnunulie kinywaji cha kuongeza nguvu. Vingi vina kama miligramu 30 za kafeini kwa kila mililita 100, na mwili huchukua takriban saa tano kuondoa nusu yake tu. Akinywa saa mbili usiku, hadi saa saba nusu bado inamzungukia kichwani. Atakuwa macho kabisa. Anaangalia nini, hilo usiulize.

Sasa chakula. Ubongo hula karibu moja ya tano ya nishati ya mwili hata mtu akiwa amekaa tu, kwa hiyo asubuhi usimpe chochote. Viazi vitamu vya kuchemsha na yai ni hatari, anaweza kuelewa kipindi cha kwanza. Mpe shilingi mia tano asubiri saa nne. Kengele ikilia atakimbilia getini, kwa mama mwenye karai la mihogo ya kukaanga, apewe vipande vitatu na pilipili kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la mwanafunzi wa mwaka juzi. Mafuta yatalowanisha swali la aljebra lenye mkasi mwekundu wa mwalimu. Hiyo ndiyo mara yake ya mwisho kukutana na aljebra siku hiyo, maana kipindi cha hesabu kikifika atakuwa amelalia mkono.

Shule ikiitisha kikao cha mchango wa chakula, simama kifua mbele. Tangu 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, basi na makande nayo serikali ilete! Ukimaliza kuhutubia, wahi kikao cha harusi ya mpwa wa jirani. Huko umeahidi laki moja, na kadi yako ni ya watu wawili.

Wa kike ana njia yake ya mkato. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 uliwakuta wanawake wapatao 45 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 49, wakiwa na upungufu wa damu. Mwanao asibaki nyuma. Kila mlo wa maharage na mchicha umteremshie kwa chai ya rangi, maana chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Chungwa lifiche, linafanya kinyume chake. Dagaa mwambie ni chakula cha shida. Akianza kulalamika kizunguzungu na uchovu, sema ni mvivu, tena useme mbele ya wageni.

Michezo ifute tangu kidato cha tatu. Mpira haumo kwenye mtihani.

Mtihani ni Novemba, na matokeo hutoka Januari. Siku hiyo nenda shuleni ukamuulize mwalimu wa hesabu miaka minne yote alikuwa anamfundisha nini mwanao. Ila usitoke nyumbani bila kunywa chai nzito na kulala vya kutosha. Mtu mzima hawezi kugombana vizuri akiwa na njaa.