Nyumba Isiyo na Jiko

Ukipanga nyumba Mombasa utakuta mlango haufungi, mfereji unavuja na kuta zimejaa misumari ya mpangaji aliyepita, lakini sinki la kuoshea vyombo litakuwepo. Stuttgart mambo ni kinyume. Madirisha hayapitishi upepo, milango inajifunga vizuri, nyumba ina joto kila chumba, ila ukiingia jikoni hukuti kitu. Sinki hakuna, kabati hakuna, pa kupikia hapana. Kuna mabomba mawili yametokeza ukutani yakiwa yamezibwa midomo, na darini zinaning'inia waya pale ilipokuwa taa.

Mke wangu ni muuguzi. Alisoma Kijerumani mpaka daraja la B2, akatangulia, kisha mimi na binti yetu Salma tukamfuata. Tulipopata nyumba, mpangaji aliyekuwa anahama alituambia jiko lote ni lake na anatuuzia kwa euro 1,800. Mama Salma akamtazama kama mwizi wa kuku.

"Jiko la nyumba ya watu utaliuzaje?"

Isitoshe, mwenye nyumba alikwisha kuchukua amana ya kodi ya miezi mitatu, ambayo ndiyo kiwango cha juu sheria inachoruhusu. Mfuko ulikuwa umekauka. Tukakataa, na yule bwana wala hakukasirika. Tulipokabidhiwa funguo tukakuta ameling'oa lote: makabati, tanuri, sinki, mfereji, hata balbu. Alikuwa na haki yake. Desturi ya huku, mpangaji hujinunulia jiko, na akihama humwuzia anayeingia au hulifungua akaenda nalo. Nilipompigia shemeji yangu Mombasa kumweleza masaibu haya, alicheka mpaka simu ikakatika. "Wewe si ulipata jiko zamani, tukakuozesha sisi wenyewe? Unalia nini tena?"

Basi ikawa vyombo vinaoshewa bafuni, sufuria ndani ya beseni la kuogea, nami nimepiga magoti kama niko mtoni. Tulinunua jiko dogo la umeme la sahani mbili, tukaliweka sakafuni. Mama Salma akasema leo tunakula samaki. Mafuta yalipochemka na mlango wa jikoni uko wazi, king'ora cha moshi cha ukumbini kikalia, na cha chumba cha Salma kikaitikia. Vidude hivyo ni lazima katika kila nyumba ya jimbo hili tangu mwisho wa 2014, wala havijui tofauti ya moto na changu wa kukaanga. Salma akaziba masikio. Mimi juu ya ndoo, napepea kwa kanga.

Mkombozi alikuwa Mbwana, kijana wa Malindi aliyeishi huku muda mrefu na anayejiita fundi wa kila kitu. Aliona tangazo la jiko la bure, mradi ulifungue mwenyewe ulibebe. Matangazo hayo ni mengi, na watu huyachangamkia. Tukakodi gari, tukafungua skrubu, tukapandisha makabati hadi ghorofa ya tatu. Ndipo tukajua kwamba jiko lile lilijengewa kona ya kulia, na kona yetu iko kushoto. Ubao wa juu ulizidi shubiri nzima.

Mbwana hakutishika. Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko, akaja na msumeno wa umeme. Aliwasha, ukanguruma pengine kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini, amevaa nadhifu, hana hata dalili ya hasira. Akasema, "Leo ni Jumapili," akashuka zake. Jumapili Ujerumani ni siku ya utulivu: kelele za msumeno na drili ni mwiko, na maduka mengi hayafunguliwi. Hata kama angeturuhusu, skrubu zilizopungua tungezipata wapi? Kesho yake Mama Salma alimpelekea mahamri. Sahani ikarudi imeoshwa safi na iko tupu, jambo ambalo kwetu lingezua maneno ya mwezi mzima, lakini juu yake alikuwa amebandika karatasi yenye saa zote tunazoruhusiwa kutoboa kuta.

Likabaki la kupikia. Tuligeuza lile dude upande huu na huu tukitafuta plagi. Halina. Nyuma yake zinatoka waya tano, kwa sababu majiko ya huku huungwa moja kwa moja ukutani kwenye umeme wa fezi tatu, na kazi hiyo ni ya fundi wa umeme mwenye cheti. Mbwana akashika bisibisi. Mama Salma, ambaye kazini kwake ameona watu waliopigwa na umeme, akampokonya. Fundi alikuja, akamaliza upesi, akatuachia hesabu iliyotufanya tukumbuke euro 1,800 kwa heshima.

Nawe unayesubiri viza, ukitafuta nyumba Ujerumani angalia kama tangazo lina herufi EBK. Hiyo ni nyumba yenye jiko ndani. Mara nyingi kodi yake huwa juu kidogo. Lipa.