Waheshimiwa, Msituharibie Harambee

Kwa Spika na Wabunge wote,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: OMBI LA KULINDA RIZIKI YA WACHANGISHAJI

Mimi ni mweka hazina wa harambee za matibabu, kazi ambayo katika nchi hii haina likizo. Simu yangu imejaa makundi ya WhatsApp: la figo, la saratani, la nyonga iliyovunjwa na bodaboda, na moja la marehemu ambaye bado yuko mochari kwa sababu kundi lake la awali, lile la kumtibu, halikufikisha lengo. Nawaandikia nikiwa na hofu. Kuna watu wanaoeneza wazo kwamba Mkenya akiugua atibiwe kwanza, na bili ilipwe na mfuko mmoja wa taifa unaojazwa na kodi ya kila mtu kwa kadiri ya kipato chake. Wakifaulu, sisi tutakula wapi?

Huenda hamjui ukubwa wa sekta hii, maana ninyi huja siku ya mwisho tu, na bahasha. Kabla yenu kuna mwenyekiti, kuna kamati, kuna hema na viti vya kukodi, kuna MC. Kuna picha ya mgonjwa, ambayo huchaguliwa kwa makini sana: awe amekonda kiasi cha kutia huruma, ila asikonde kiasi cha kuwakatisha tamaa wachangaji. Uzoefu umetufunza kuwa mgonjwa mwenye ndugu Marekani hupona upesi. Mwenye jamaa walimu hupona mwisho wa mwezi. Asiye na mtu wa mshahara katika ukoo wake tunamweka kwenye maombi.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi serikali zetu zimetulinda vyema. Mwanzo ulikuwa mbaya: mwaka 1965 serikali ya Mzee Kenyatta ilifuta ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa, na ikadhaniwa kuwa biashara yetu imezikwa kabla ya kuzaliwa. Desemba 1989 serikali ya Moi ikatuokoa kwa kuleta sera ya kuchangia gharama hospitalini. Hatari ilirudi mwaka 2004, Waziri wa Afya Charity Ngilu alipoleta mswada wa bima ya afya ya jamii kwa wote, na wenzenu wa enzi hizo wakateleza, wakaupitisha. Rais Kibaki alikataa kuutia sahihi. Wizara ya Fedha na kampuni za bima zilikuwa zimeshaonya kuwa nchi haitaumudu.

Kisha Desemba 2018 likaja lile jaribio la Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo, ambako ada katika hospitali za umma ziliondolewa. Watu wakafurika. Wapo walioona mafuriko yale kama dalili kwamba mpango ulikuwa na kasoro, na mimi niliwaunga mkono kwa dhati: hospitali inayojaa wagonjwa ni jambo la kutiliwa shaka. Kaunti nne zilitosha, nasi tukarudi kazini.

Mahakama, hata hivyo, haijatusaidia. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa ni kinyume cha Katiba kwa hospitali ya umma kuwazuia akina mama waliojifungua eti kwa sababu wanadaiwa. Mgonjwa aliyezuiliwa ndiye mtaji wetu bora. Kila akilala, deni linakua. Deni likikua, lengo la kundi linapanda.

Lakini hakuna mlilotufanyia linaloishinda Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Hapo mlionyesha ustadi. Mlichukua jina zuri, Afya kwa Wote, mkaanzisha mamlaka moja, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyoanza kazi Oktoba mosi 2024, kisha mlangoni mkaweka karani wa kukagua risiti. Mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, apende asipende. Asiye na payslip anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, choo kikoje. Mashine inapiga hesabu, inamtajia kiasi chake, naye anatakiwa akilipe cha mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu wa kibarua, anayejua leo atakula nini akishapata kazi ya leo, alipe mwaka! Zaidi ya Wakenya milioni 20 wamesajiliwa, na wanaolipa ni sehemu ndogo tu. Asiyelipa akilazwa, jamaa zake hunipigia mimi.

Halafu mkaona haitoshi, ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao humwezesha mtu kupata mkopo wa kulipia mchango wake wa mwaka. Yaani anaingia deni ili apate bima ya kumkinga na madeni. Nimekaa katika kamati nyingi na sijawahi kusikia mjumbe akitoa wazo kama hilo akiwa hajanywa kitu.

Kuhusu mfumo wa kompyuta wa SHA, wa zaidi ya shilingi bilioni 104, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza kuwa serikali haiumiliki. Ni sawa na kujenga nyumba ya kifahari kwenye kiwanja cha jirani, kisha kumwomba ruhusa ya kuingia. Sina la kuongeza.

Wapinzani wangu wanasema mfuko mmoja wa kodi ungekuwa na nguvu ya kupunguza bei, kwa kuwa mnunuzi anayewasemea watu zaidi ya milioni 50 haongei na muuza dawa kwa unyenyekevu. Wanasema usingehitaji kuchunguza vyoo vya watu. Wanataja Thailand, ambayo haikuwa tajiri mwaka 2002 ilipoanza kugharimia matibabu ya takriban robo tatu ya raia wake kwa kodi, mgonjwa akitoa baht 30 tu. (Nimewapa habari hii bure. Hakuna haja ya kamati kwenda Bangkok kujionea.)

Nanyi mna jibu mlilolizoea: wengi hawana mshahara, hivyo hawalipi kodi, hivyo wachange. Hapa naomba nisiwaunge mkono, kwa sababu vitabu ninavyo mimi. Mama muuza sukuma anapanda matatu inayotumia mafuta yenye VAT. Sabuni yake ina VAT. Akinitumia shilingi 1,000 za figo ya jirani, ada ya kutuma ina ushuru wa serikali ndani yake. Nchi inayotoza ushuru kwenye mchango wa figo haiwezi kudai kuwa haijui namna ya kukusanya pesa kutoka kwa maskini.

Na kuna jambo linalonikosesha usingizi zaidi. Nimegundua kuwa mpango ninaoupinga upo tayari, unafanya kazi, na wanufaika wake wana afya njema. Bima ya mbunge inafikia shilingi milioni 10 za kulazwa, bili inalipwa na mlipa kodi, na hakuna anayeuliza paa lake ni la nini. Kumbe ninyi ndio wale wenye itikadi kali niliowaogopa!

Kwa hiyo naomba mchague. Ama kadi ya mbunge na ya mama muuza sukuma ziwe moja, zilipiwe na kodi ile ile na zikubaliwe katika wodi zile zile, nami nitafute kazi nyingine. Ama mrudishe milioni 10 zenu katika bajeti ijayo, mjibu maswali ya choo kama wengine, na siku mtakayougua mje kwetu. Picha tutawapiga, ingawa kwa afya mliyo nayo itabidi msubiri kidogo mkonde.

Wakati mkitafakari, kundi la figo limepungukiwa shilingi 180,000 na mgonjwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Michango inapokelewa hadi Ijumaa. Tafadhali ongezeni na ya kutoa.

Wenu mtiifu,
Mweka Hazina