Bosi Hajala

Tangu Jumamosi, mwandishi wa makala haya hawezi kupita mbele ya duka la mtaani kwao bila vijana wa kwenye benchi kuanza kutafuna hewa. Wanatafuna taratibu, midomo imefumbwa, macho yamemkazia, kisha mmoja anauliza kwa upole kama chumvi ilikolea. Ndiyo salamu yake siku hizi huko Kimara, na chanzo chake ni pupu la ng'ombe, mbwa wa jirani, na kikao cha serikali ya mtaa ambacho kiliitishwa kuzungumzia taa za barabarani.

Mbwa anaitwa Bosi. Ni wa kahawia, pale ambapo ukurutu haujamaliza manyoya, na amefungwa kwenye mwembe kwa mnyororo usiofika mita mbili. Ardhi anayoizunguka imekanyagwa hadi ikawa ngumu na nyeupe, duara ungedhani limechorwa kwa bikari. Sufuria lake limepinduliwa, kuku wanalitumia kama jukwaa. Getini kuna kibao cha herufi nyekundu: MBWA MKALI. Kibao hicho kimepakwa rangi zaidi ya mara moja. Kwa matunzo, kinamzidi mbwa.

Mwandishi alianza kwa njia ya kistaarabu. Alipiga hodi, akatoa shikamoo, akasifia miembe, ndipo akagusia suala la chakula. Jirani, mzee mwenye heshima zake, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamjibu kwa huruma, kama mtu anayemwelewesha mgeni wa mjini: "Mbwa akishiba, kijana wangu, halindi."

Basi yakaja mapupu. Bucha ya jirani huyauza kwa bei ya chini, na mbwa hachagui. Yanachemshwa bila chumvi, yanakatwa, na jua likizama mwandishi anapanda juu ya kreti la soda na kurusha. Upande wa pili unasikika mnyororo, halafu kimya cha kiumbe asiyetafuna kwa sababu anaogopa atanyang'anywa. Ingeendelea hivyo hadi leo, ila ukuta ule, kama kuta nyingi za Dar es Salaam, umepandwa vipande vya chupa juu yake. Ijumaa kipande kimoja cha pupu kilinasa kwenye chupa, kikaning'inia upande wa jirani usiku kucha, na asubuhi mama mwenye nyumba akakikuta akianika nguo.

Hapa ni lazima kueleza jambo moja, la sivyo msomaji atadhani mtaa mzima ulirukwa na akili. Mwizi wa nyumba aliyekomaa hamkimbii mbwa; humletea chakula. Nyama hutiwa sumu ya panya au dawa ya shambani, hurushwa ndani ya uzio, mwizi akaenda zake na kurudi saa chache baadaye kukiwa kumetulia. Kwa hiyo mtu anayerusha nyama juu ya ukuta wa mwenzake magharibi ana nia moja kati ya mbili, na mtaa ukisikia habari hiyo hauanzi na ile ya huruma.

Kikao kilikuwa chini ya turubai, viti vya plastiki vimejaa. Kidhibiti kilikuwa mezani kwa mwenyekiti, ndani ya bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Mwenyekiti, mimi sisemi huyu ni mwizi," alisema jirani, kwa sauti ya mtu anayesema hivyo hasa. "Nauliza tu. Mtu mzima na akili zake anapanda kreti kila magharibi kumrushia mbwa wangu nyama. Ya nini?"

"Ana njaa," alijibu mwandishi.

"Nani, wewe?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kituo cha daladala. Mwenyekiti aligonga meza, akauliza kama nyama ile ilikuwa na sumu. Haikuwa nayo. Kuna iliyobaki nyumbani? Ipo, kwenye friji. Mjumbe wa shina akatumwa, akarudi amebeba sufuria zima kwa mikono miwili, na mwenyekiti akatoa uamuzi ambao hakuna mwanasheria angeupinga: "Basi onja."

Pupu lina sifa zake. Likitiwa ndimu, pilipili na mchuzi mzito, watu wanalipia na kuongeza. Lakini pupu la baridi, lisilo na chumvi, lililochemshwa kwa ajili ya mbwa, halikatiki. Ukiuma linabonyea, ukiachia linarudi lilivyokuwa, na kwenye meno linatoa mlio mdogo ambao, katika ukimya wa watu wengi waliokodoa macho, unasikika hadi viti vya nyuma. Mama mmoja anayeuza supu asubuhi alitikisa kichwa akasema, kwa uchungu wa kitaalamu, kwamba lingehitaji ndimu. Mwandishi alimeza kipande cha kwanza. Akaambiwa ale kingine, maana huenda sumu ilitiwa upande mmoja. Kisha wote wakangoja. Mwenyekiti alikuwa akitazama saa yake. Watoto walisogea mbele ili mtu akianguka wasikose.

Aliyemtetea alikuwa mzee mmoja aliyekuwa akiadhini msikitini enzi za ujana wake. Alisimama akawakumbusha Waislamu waliokuwapo hadithi mashuhuri ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Mtu mmoja akadakia kwamba mbwa ni najisi. "Mate yake ndiyo najisi," mzee akasema huku akikaa. "Kiu yake siyo."

Muhtasari wa kikao unaonyesha kwamba mwandishi aliandikishwa ahadi ya kutorusha kitu chochote juu ya ukuta, jirani akapewa pole kwa usumbufu, na ajenda ya taa za barabarani ikaahirishwa. Hakuna mahali palipoandikwa kama Bosi alikula siku hiyo.

Ikumbukwe kwamba aliyevuka ukuta kwanza hakuwa mwandishi. Walikuwa kupe.

Kupe wa mbwa, yule wa kahawia anayeitwa kitaalamu Rhipicephalus sanguineus, ni mnyama ambaye mtu akishasoma habari zake hawezi tena kumchukia kwa moyo mmoja. Ndugu zake wengi wanahitaji nyasi na vichaka. Huyu anaweza kumaliza maisha yote ndani ya nyumba ya mtu. Anaanguliwa akiwa na miguu sita, anamtafuta mbwa, anafyonza, anaanguka, anajificha kwenye ufa na kujivua gamba. Anatoka na miguu minane, anamtafuta mbwa tena, anafyonza, anaanguka tena. Anajivua kwa mara nyingine, anakuwa mtu mzima, anarudi kwa mbwa kwa mara ya tatu. Jike likishavimba kwa damu linaachia, na badala ya kubaki chini hupenda kupanda: ukutani, kwenye pazia, hadi kwenye mbao za dari. Huko hutaga mayai kwa maelfu, kisha hufa. Akikosa mbwa hana haraka. Kupe mzima anaweza kukaa miezi mingi bila kula, akisubiri.

Na ananusa kwa miguu. Kwenye miguu ya mbele ana kiungo kidogo kiitwacho kiungo cha Haller, kinachotambua joto na hewa ya ukaa inayotoka puani mwa mnyama. Ndiyo maana husimama mahali pa juu, miguu ya mbele ameinyanyua, akipima ni nani anapumua karibu. Usiku mmoja mwandishi alimkuta mmoja juu ya fremu ya dirisha katika mkao huo na akajikuta akimmulika tochi muda mrefu kuliko inavyofaa, chai ikipoa, badala ya kumponda. Bosi, aliyefungwa mahali pamoja mwaka mzima, ni hoteli ya kupe hawa, na kwa wadudu wanaopanda kuta, vipande vya chupa havina maana yoyote.

Mgeni mmoja wa mwandishi aliondoka na kupe shingoni, hajarudi.

Turudi kwenye ile nadharia ya mzee, kwa sababu haiko Kimara peke yake. Wapo wanaomnyima mbwa chakula ili awe mkali, wapo wanaomtilia pilipili kwenye ugali wake. Sasa fuata hesabu. Mwizi anakuja na nyama yenye sumu. Mbwa aliyekula ugali wa dona na dagaa jioni anaweza kuinusa na kuendelea kubweka. Mbwa ambaye hajala tangu juzi anaimeza kabla haijagusa ardhi. Mwenye nyumba amekaa mwaka mzima akimwandalia mwizi kazi. Na mnyororo mfupi nao unafanya mbwa awe mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu humwuma aliye karibu, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa nyumbani anayefuata mpira, siyo mwizi.

Hapo ndipo ucheshi unapoanza kukauka, kwa sababu Bosi hajawahi kuchanjwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote barani Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna tiba ya kutegemewa. Lakini ugonjwa huu unazuilika kwa njia inayochosha kwa urahisi wake: chanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, rudia kila mwaka, nao unakosa njia ya kupita. Si nadharia ya Ulaya. Kisiwani Pemba chanjo ziliutokomeza kufikia 2014. Ukaingia tena 2016, wakachanja tena, ukaondoka tena. Hata kisingizio kwamba chanjo lazima ikae kwenye friji kimepungua nguvu. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba chanjo moja inayotumika sana, Nobivac, ilikaa miezi mitatu kwenye nyuzi joto 30 na bado ikawakinga mbwa.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inayomtaka mwenye mnyama kumpa chakula, maji na makazi. India ilikwenda mbali zaidi kitambo, mwaka 1960: mwenye mbwa anayefungwa muda wote, asipomtoa kunyoosha miguu, ametenda kosa.

Mwandishi aliibeba sheria hiyo ya 2008, imechapwa na kubanwa pini, akaenda nayo ofisini. Mjumbe alimpeleka kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akasema hilo ni la mtendaji. Mtendaji akasema ni la afisa mifugo wa kata. Afisa mifugo alikuwa kwenye semina. Polisi waliuliza kama mbwa ameng'ata mtu, hajang'ata, basi arudi akishang'ata. Ofisi hizo zote, ambazo kwa mbwa asiyelishwa hazikupata hata kalamu, kwa mtu aliyemlisha ziliweza kupata mjumbe, bakuli, mashahidi, muhtasari na turubai kati ya asubuhi na jioni ya siku moja. Mtu anaweza kucheka jambo hilo mara ya kwanza. Mara ya pili linamkaa kooni kuliko pupu.

Kulikuwa pia na jitihada ya kurefusha mnyororo kwa siri. Bosi alichomoka, akala vitumbua vya watu, mwandishi akavilipia.

Makala haya yakienda mitamboni, afisa mifugo amesharudi kutoka semina na ameahidi kufika. Mama mwenye nyumba, bila kumwambia mumewe, ameligeuza lile sufuria na kutia maji. Msomaji mwenye jirani wa aina hii asirushe kitu. Aende mchana, apige hodi, aombe mbele ya watu kumwekea mbwa maji na chakula, na ajitolee kumpeleka kwenye chanjo kata inapotangaza, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mtu afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Malalamiko yaandikwe kwa afisa mifugo wa kata, na aliyeyaandika abaki na nakala iliyogongwa muhuri.