Heri Taifa Lenye Wafukuza Makocha

Jumamosi ya Oktoba 18, 2025 Yanga ilifungwa bao 1-0 na Silver Strikers mjini Lilongwe, na kabla usiku haujakomaa Romain Folz hakuwa tena kocha wa Yanga. Wapo waliosema uongozi umefanya pupa. Sisi wa Songea tulishangaa umechelewa wapi. Hapa mjini kocha huyo alikwisha kufukuzwa tangu mapumziko, kwa kauli moja, katika vibanda umiza vya kuanzia Lizaboni hadi Msamala. Klabu ilichofanya usiku ule ni kugonga muhuri.

Nimeona ni wajibu wangu kuandika haya kwa sababu shabiki mfukuza makocha ni mtu anayesingiziwa mno katika nchi hii. Anaitwa mpiga kelele, ilhali anatoa elimu. Anaitwa mwepesi wa kusahau, ilhali anajua kusamehe mazuri yote aliyotendewa. Anaitwa mtu asiye na subira, ilhali mimi mwenyewe nimemwona akivumilia kocha mpya dakika 30 nzima bila kutamka neno.

Mtu asiyetufahamu anaweza kuuliza Songea inaingiaje katika habari za Yanga ya Jangwani na Simba ya Msimbazi. Jibu la kwanza liko kwenye jiografia. Mkoa wetu wa Ruvuma unapakana na Malawi katika Ziwa Nyasa, na ukipiga rula kwenye ramani utaona Lilongwe iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Mechi ile, kwa hiyo, ilichezwa uani kwetu, na ilikuwa haki yetu kuitolea hukumu. Jibu la pili ni umbali wenyewe. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900 kwa barabara, na umbali huo hutuliza macho. Anayekaa jukwaani katika Uwanja wa Benjamin Mkapa anaona uwanja mzima, wachezaji wote 22 na benchi lote la ufundi; wingi huo wa mambo humchanganya. Sisi tunaona kile tu kamera inachotaka tukione. Umeme ukikatika ndipo tunapoona vizuri zaidi, maana hapo kila mmoja huieleza mechi jinsi ilivyopaswa kuwa.

Ujuzi huu hausomewi. Pale kijiweni karibu na Soko Kuu yupo mshona viatu ambaye simtaji jina kwa kuuheshimu unyenyekevu wake. Jumatatu ile aliweka pembeni kiatu cha mteja, akasogeza ubao wa drafti, akaanza kupanga kwa vizibo vya soda kikosi kilichostahili kuanza Lilongwe. Kipa akamweka. Mabeki wanne akawapanga. Viungo akaweka watano, kwa hoja kwamba mechi ya ugenini huamuliwa katikati ya uwanja. Washambuliaji watatu, kwa hoja kwamba Wananchi wa Yanga hawawezi kwenda ugenini na woga. Mzee muuza kahawa, ambaye kazi yake humlazimu kuhesabu vikombe, akahesabu na vizibo.

“Mwanangu, mbona wako kumi na tatu?”

Mshona viatu alimtazama kwa huruma. “Shikamoo mzee wangu. Ndiyo maana tulifungwa. Yule mzungu alikuwa anapanga kumi na moja.”

Kijiwe kizima kiliguna kwa kuridhika. Hata mwenye kiatu, aliyekuwa amesimama na ndala ya kuazima mguu mmoja, alikiri kwamba hoja ni nzito na kiatu kinaweza kusubiri. Kilisubiri mpaka Jumatano.

Watu wasiojua mpira hudhani kocha hufukuzwa kwa kufungwa. Ingekuwa hivyo, kazi yetu ingekuwa rahisi na isiyo na heshima, maana hata mtoto wa chekechea anaweza kusoma matokeo. Folz alikuwa ameifunga Simba 1-0 katika Ngao ya Jamii, Septemba 2025. Akaenda mbele, akawatoa Wiliete wa Angola nyumbani na ugenini. Shabiki wa kawaida, yaani shabiki wa mataifa mengine, angeridhika. Wetu walikwisha kugundua kwamba boli halitembei. Timu inashinda, ndiyo, lakini inashinda vibaya, na ushindi mbaya ni dalili ya kipigo kijacho. Kipigo kilipokuja Lilongwe, tena kimoja tu, tuliwatazama wenye mashaka kwa macho ya nabii aliyethibitishwa. Kwamba wiki moja baadaye Yanga ileile, chini ya kaimu kocha Patrick Mabedi, tena Mmalawi, ilishinda marudiano 2-0 na kuingia hatua ya makundi, hilo nalo linathibitisha kwamba tulikuwa sahihi. Ingefungwa pia lingethibitisha. Hiyo ndiyo nguvu ya elimu yetu: hakuna matokeo yanayoweza kuikanusha.

Lakini kilele cha taaluma hii, kwa maoni yangu, ni siku ya Oktoba 3, 2020. Zlatko Krmpotic, Mserbia, alikuwa na Yanga kwa siku 37. Katika ligi alikuwa hajapoteza hata mechi moja. Siku hiyo aliifunga Coastal Union mabao 3-0, na siku hiyohiyo akapewa mkono wa kwaheri. Nimekutana na watu wazima, wenye shahada, wanaolitaja jambo hili kama kichekesho. Mimi nalitaja kwa heshima. Kumfukuza aliyefungwa anaweza kila mtu. Kumfukuza aliyeshinda 3-0 huku jasho la wachezaji halijakauka kunahitaji jamii iliyokomaa kimawazo.

Na sheria yetu haina upendeleo. Novemba 5, 2023 Simba ilifungwa na Yanga 5-1, na siku mbili baadaye Robertinho, Mbrazili, akaondoka Msimbazi. Mtu angedhani aliyemfunga mwenzake mabao 5 angalau amejipatia makazi ya kudumu. La hasha. Miguel Gamondi, Mwargentina aliyekuwa upande wa furaha siku ile, aliendelea akatwaa ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la Shirikisho msimu huohuo, kisha Novemba 2024 akapoteza kwa Azam 1-0 na kwa Tabora United 3-1, naye akaambiwa “thank you” kwa maandishi. Aliyefungwa 5 kaenda, aliyefunga 5 kaenda. Nitajieni mahakama yoyote Afrika Mashariki yenye usawa wa kiwango hicho. Baadaye, Novemba 2025, Gamondi alikabidhiwa Taifa Stars kwa muda, na hapo tukafurahi sana, maana kocha aliyewahi kufukuzwa anafahamika, na kumfukuza mara ya pili hakuhitaji utafiti mwingi.

Wazee watakumbuka pia zile mechi za Nani Mtani Jembe, za Desemba 2013 na Desemba 2014. Zilikuwa bonanza la udhamini wa bia, hazina pointi wala nafasi katika msimamo. Yanga ilifungwa na Simba 3-1 ya kwanza na 2-0 ya pili. Ya kwanza ilimwondoa Ernie Brandts, ya pili ikamwondoa Marcio Maximo. Yaani tuliweza kumwachisha mtu kazi kwa mechi isiyohesabika. Kwa wepesi wa namna hiyo, sioni kwa nini tusianze sasa kuwafukuza kwa matokeo ya mazoezini.

Tumepata na misiba, lazima niseme. Nasreddine Nabi alikaa Yanga tangu Aprili 2021 hadi Juni 2023. Mtunisia huyu alitutesa. Alicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, mpaka Ihefu ilipotuokoa Novemba 29, 2022 kwa mabao 2-1. Akachukua ubingwa mara mbili mfululizo, akaifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Sitaki kukumbuka hali ya vijiwe vyetu kipindi hicho. Watu walikaa wakitazamana. Kahawa ilipoa vikombeni kwa kukosa hoja. Wengine, kwa kukata tamaa, walianza kuzungumza na wake zao.

Waingereza nao waliwahi kuonja balaa hilo. Alex Ferguson alipewa Manchester United Novemba 1986, akakaa hadi Mei 1990 ndipo akapata kombe la kwanza, na hakuna aliyemwondoa. Matokeo yake wakakwama naye mpaka 2013. Tangu hapo wamejirekebisha, na wale ndugu zetu wa Bombambili wenye jezi za United sasa wana furaha ya kufukuza kila baada ya muda mfupi, kama sisi.

Niseme sasa juu ya faida ambayo haisemwi hadharani, nayo ni amani. Binadamu ana hasira ya kiasi maalumu kwa wiki. Asipopata mahali pa kuitua, ataipeleka kusikofaa. Namfahamu mkulima mmoja aliyeuza mahindi yake baada ya mavuno, akaahidiwa kulipwa wiki inayofuata, na msimu wa kupanda ukamkuta hajaona shilingi. Mtu mwingine angekwenda kuuliza. Yeye Jumapili ile nzima alikuwa akimuuliza Folz, kupitia redio, kwa nini hakufanya mabadiliko mapema. Ilipofika Jumatatu alikuwa mpole kama maji ya mtungini, akaenda kukopa mbolea kwa adabu. Bomba la mtaani kwetu lilikauka majuma kadhaa; kikao kikaitishwa, tukahudhuria kwa wingi, tukajadili nafasi ya winga wa kushoto, tukafunga kikao kwa sala. Kocha hupewa dakika 90 kueleza mipango yake. Wengine wote tunawapa muda, kwa sababu maendeleo, kama tujuavyo, hayataki haraka.

Wala kocha mwenyewe haonewi. Aliajiriwa kwa mkataba, na mkataba ukivunjwa kabla ya wakati klabu humlipa; isipomlipa, kocha hushtaki kwa FIFA, na FIFA haina utani katika mambo hayo. Huyu ni mtu anayelipwa kwa kupumzika. Shabiki aliyemfukuza hapati kitu, tena usiku uleule mkeka wake umechanika kwa bao lilelile. Nani kati yao anastahili kuhurumiwa?

Kuna jambo moja ambalo wageni huliona wakalitafsiri vibaya. Tunayo timu yetu hapahapa Songea, Majimaji, yenye uwanja wake hapahapa mjini, iliyochukua ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998. Ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018. Wageni huuliza mbona watu wanaojua kikosi cha Lilongwe mpaka mchezaji wa 13 hawaonekani jukwaani Majimaji inapocheza. Huo si usahaulifu, ni malezi. Tumeipa Majimaji kile ambacho Yanga na Simba hawajawahi kukipata: kocha asiyetukanwa. Anaweza kupita sokoni, akanunua nyanya, akabishana bei, akaondoka bila mtu kumuuliza habari ya viungo wake. Wengi hawamjui hata kwa sura. Ni makocha wangapi duniani wanafanya kazi katika utulivu wa aina hiyo? Timu ikifungwa hatujui, na ikishinda hatujui, na hivyo hapana anayeweza kutuambia kwamba tuliivunja moyo.

Wapo wanaosoma haya wakijifanya hayawahusu. Nawafahamu. Ni walimu, ni wahasibu, ni wazee wa kanisa, watu wanaosema mpira ni mambo ya vijana wasio na kazi. Mama mkwe wangu ni mmoja wao. Ni mama mcha Mungu kutoka upande wa Peramiho, na alikuja kututembelea wiki ileile Yanga ilipomtangaza kocha mpya, Pedro Gonçalves. Mimi na shemeji yangu tulizima redio kwa heshima yake. Tukakaa kimya, tukala makande, tukaulizana habari za shamba. Mama alimaliza sahani yake, akanawa, akajifuta vidole kimoja kimoja kwa pembe ya kitenge.

“Baba,” akaniambia, “huyu mpya mnayemsifu. Hivi mabadiliko yake, mbona anayafanya akiwa amechelewa?”

Nikamwambia, “Mama, shikamoo. Hajasimamia mechi hata moja.”

“Ndiyo hapo,” akasema. “Anasubiri nini?”