Mkaguzi wa Miaka Minne

Wanaolea watoto Dodoma wana raha, ila hawajui. Mtoto wa Dodoma akiuliza "Baba, kile nini?" unamjibu kuwa kile ni kilima, zile ni zabibu, yule ni mbunge, na mjadala unafungwa. Sisi wa Kigoma Mungu ametuweka mahali ambapo majibu ya kweli yanafanana na uongo. Ukimwambia mtoto ukweli, anakucheka. Ukimdanganya, anakuamini na anakwenda kuutangaza uongo wako mtaa mzima.

Nina binti wa miaka minne. Jina analo, tena zuri, la bibi yake mzaa baba, lakini hapa Mwanga majirani wamembatiza Mkaguzi. Yule Mkaguzi Mkuu wa Serikali humkabidhi Rais ripoti yake mwezi Machi, kisha watu wanapumua hadi mwaka unaofuata. Wa kwangu anatoa ripoti kila siku, mchana kweupe, na hampi mtu muda wa kujibu hoja.

Chukua habari ya Liemba. Tulikuwa tunashuka kuelekea bandarini, akaiona meli.

"Baba, ile meli imetoka wapi?"

"Ujerumani."

"Ujerumani ni pale ng'ambo?"

"Hapana. Pale ng'ambo ni Kongo. Ujerumani ni mbali sana, Ulaya."

"Ilipita wapi?"

Hapo ndipo baba wa watu anapoanza kutoka jasho. Ziwa Tanganyika halina njia ya meli kwenda baharini, kwa hiyo jibu la kweli ni moja tu, na nikalitoa: "Ilikuja na treni."

Akaitazama meli, mwanzo hadi mwisho. Akanitazama mimi. "Haienei," akasema.

Nikajieleza kama mshtakiwa. Nikamwambia iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafumuliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapandishwa kwenye reli hadi hapa Kigoma, ikaungwa upya, na mwaka 1915 ikashushwa majini ikiitwa Goetzen.

"Halafu?"

"Halafu mwaka 1916 wakaizamisha."

"Nani?"

"Wao wenyewe Wajerumani."

"Walioileta?"

"Hao hao. Kulikuwa na vita, hawakutaka maadui zao waichukue. Wakapaka mashine grisi nyingi, wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba."

Kila neno katika hayo ni kweli. Tulipofika nyumbani Mkaguzi alipita moja kwa moja hadi jikoni kuwasilisha taarifa: "Mama, Baba amesema meli ilipanda treni, halafu ikapakwa mafuta ikazama." Mke wangu akachungulia mlangoni na mwiko mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, leo mchana ulikula?"

Sasa linganisha na hili. Jioni ileile mtoto alimeza mbegu ya chungwa. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kutaja mwaka hata mmoja wala mji wowote wa Ujerumani, alimwambia kwa maneno machache: "Mti utaota tumboni." Basi. Hapakuwa na "ilipita wapi", hapakuwa na "haienei". Mtoto aliamini papo hapo, akagoma kunywa maji asije akaumwagilia, na asubuhi alfajiri aliniamsha nimchungulie masikioni kama majani yameanza kutokeza. Mimi, mwenye ushahidi wa masanduku 5,000, ndiye muongo. Bibi ndiye profesa.

Nikasema isiwe taabu, nitampeleka Ujiji akajionee mwenyewe kwa macho. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone kuna jiwe, kuna miembe, na ndani ya jumba la makumbusho kuna sanamu mbili za watu wazima, Livingstone na Stanley, wamevua kofia wanasalimiana. Nilifikiri sanamu hazina maswali. Nilisahau kuwa mwanangu amelelewa vizuri.

Alisimama mbele ya Livingstone, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa na bibi yake, akasema: "Shikamoo, babu."

Kimya.

Akarudia kwa sauti ya juu zaidi, akidhani mzee hasikii vizuri. "Shikamoo!" Watalii wawili na mwongozaji wao wakageuka. Mkaguzi akasubiri muda ambao kwa Ujiji unatosha kabisa mtu kuitikia marahaba na kuuliza hali za nyumbani, kisha akatoa hukumu: "Baba, huyu babu hana adabu."

Nikamvuta pembeni nimweleze. Nikasema huyu alikuja kutafuta mito, akaugua, kwao wakakosa habari zake, wakadhani amepotea. Yule mwingine akatumwa na gazeti kumtafuta, wakakutana hapa hapa mwaka 1871.

"Kwani watu wa Ujiji hawakumwona?"

"Walimwona. Alikuwa anaishi nao."

"Sasa alipoteaje?"

Mwongozaji akakohoa. Watalii wakaomba watafsiriwe, naye akachagua kuwaonyesha mwembe. Mimi nikabaki na kesi. Nikajaribu kumwambia kuwa Stanley alipofika alitangulia kulakiwa na Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumsalimia. "Kumbe Susi alikuwa anajua aliko," akasema, na mimi sina cha kumpinga. Vitabu vingi vimeandikwa kuhusu mkutano ule, na hoja ya mtoto huyu bado inasimama.

Bora tungeondoka wakati ule. Lakini mwongozaji, katika kufafanua kwake, akasema kuwa mwembe wenyewe wa zamani haupo tena, hii iliyopo ni vizazi vyake. Mkaguzi akapiga hesabu zake, akaunganisha na mbegu ya chungwa, akauliza kwa huruma ya kweli: "Kwa hiyo yule babu alimeza embe?"

Dagaa nao wana sura yao katika ripoti. Mwaka 2024, alipokuwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno, serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Nyumba nzima tukawa tunasema "ziwa limefungwa". Mtoto akataka kujua ufunguo anao nani. Nikamwambia anao Waziri. Huo ulikuwa uongo, kwa hiyo uliaminiwa mara moja, na mpaka leo mtu yeyote mwenye suti akionekana kwenye taarifa ya habari, anaulizwa kama ufunguo anao.

Usiku ambao hakuna mbalamwezi, ukisimama juu huku kwetu utaona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani hadi macho yanachoka. Akaniuliza ule mji unaitwaje. Nikamwambia si mji, ni mitumbwi. Wavuvi wanawasha taa ili dagaa waje juu, kisha wanawateka kwa wavu. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipigapiga begani, akasema, "Sawa, Baba." Kwa sauti ileile ambayo mama yake hutumia nikieleza mipango yangu ya biashara.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa mwalo wa Kibirizi. Nilikwenda kununua dagaa, naye akaning'ang'ania. Dagaa wa kule wako wa aina mbili: wanaokaushwa juu ya chanja na wanaoanikwa chini. Wa chini bei yake nafuu, ila mwenye meno lazima atafune kwa tahadhari. Mimi, kama baba yeyote wa mwisho wa mwezi, nikasogea kwa wa chini. Mama muuzaji alikuwa ametandaza mzigo wake unang'aa, anafukuza kunguru kwa tawi, na kisado kiko tayari.

"Karibu baba, dagaa safi hawa, hawana hata chembe."

Mkaguzi akachuchumaa. Akachukua dagaa mmoja kwa mkia, akamgeuza upande huu na upande ule, akamtia mdomoni. Tukasikia wote: krch.

"Mama," akasema kwa heshima zote, "una mchanga. Baba alisema."

Sikumbuki kusema. Labda nilisema nyumbani, mezani, mambo ya faragha ya familia. Yule mama akaniangalia kwa jicho ambalo wateja wote wa jirani walilielewa. Nikajaribu kuokoa jahazi kwa kuomba anipunguzie bei, nikasema hali ni ngumu, sina hela zaidi ya hii iliyopo mkononi.

"Baba, na ile ya mfuko wa nyuma?"

Nilinunua visado viwili, kwa bei kamili, bila kuombwa. Bado tunavitafuna, kwa tahadhari.

Mtu ataniuliza kwa nini simkemei. Siruhusiwi. Kosa ni la jirani yetu, mzee aliyewahi kufanya kazi Hifadhi ya Gombe. Siku moja Mkaguzi alipotea mchana. Tulimtafuta kisimani, barabarani, msikitini, hadi alipotokea mwenyewe kwenye banda la kuku la mzee huyo, amejaa manyoya na utitiri, macho yamemtoka kwa furaha. Alikuwa amejificha humo aone yai linatokea wapi. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Mzee akaushika. Akasema Jane Goodall, yule mama wa sokwe, alipokuwa mdogo kama huyu kwao Uingereza, alifanya hivyo hivyo: alijibanza kwenye banda la kuku kwa saa kadhaa, nyumba nzima ikahangaika kumtafuta, na mama yake badala ya kumchapa akaketi kumsikiliza. Ndiyo huyo aliyekuja Gombe Julai 1960 akiwa na miaka 26, na kwa vile serikali ya kikoloni haikukubali msichana akae porini peke yake, alikuja na mama yake huyo huyo. Alipofariki Oktoba 2025, dunia nzima ilimlilia.

Mke wangu aliisikia hadithi hiyo yote. Tangu siku ile fimbo imestaafu nyumbani kwetu, na kila uharibifu unaitwa utafiti. Saa imefunguliwa: utafiti. Mawese yamemwagwa kwenye kanzu yangu ya Ijumaa kuona kama yatapenya: utafiti. Matokeo ya ule utafiti wa kuku yalitangazwa kesho yake wakati wa kifungua kinywa, mbele ya wageni kutoka Kasulu: "Yai linatoka nyuma! Nimeona!" Mgeni mmoja aliyekuwa na yai la kuchemsha mkononi alilirudisha sahanani taratibu, akaomba mihogo.

Tumaini langu lote nimeliweka kwenye darasa la awali. Juzi nilimpeleka kumwandikisha. Mwalimu, dada mpole aliyehamia majuzi kutoka Iringa, alimkalisha, akamwomba ataje vitu anavyovijua ziwani.

"Samaki," akasema Mkaguzi. "Mitumbwi. Na meli iliyopanda treni."

Mwalimu akacheka hadi akaweka kalamu chini. "Hapana, mwanangu. Meli haipandi treni. Nani kakudanganya?"

Kidole kikanyooshwa. Wazazi wote waliokuwa kwenye foleni wakanitazama. Nilikuwa na Papenburg kichwani, nilikuwa na 1913, nilikuwa na masanduku yote 5,000, na bandari yenyewe haiko mbali. Lakini fomu ilikuwa imebakiza sahihi moja tu, na baba mwenye akili timamu habishani na mtu anayekubali kuulizwa maswali kwa niaba yake kila asubuhi. Nikasaini, nikamwambia, "Mwalimu, hawa watoto wa siku hizi sijui wanayatoa wapi," nikaondoka kwa mwendo wa haraka.